Utando wa Dirishani

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na macho yako yamepata nafuu. Mimi mzima, ingawa maabara inanila kama mchwa.

Ndani ya bahasha umo utando niliouunda kwa wanga wa mimea na chembe za madini ndogo kuliko vumbi. Ubandike kwenye dirisha la chumba chako cha kushonea. Jua likiupiga, utageuka bluu na kulipunguza makali. Giza likiingia, utarejea uangavu wake. Mkuu wangu anadai kwamba utando wa namna hii huchoka, ukaacha kurejea. Mimi nakataa katakata. Uchunguze, kisha uniandikie unachokiona, si unachodhani nitapenda kusikia.

Mwanao

30 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Macho ndiyo yale yale, jua la mchana bado yanalikimbia. Utando wako kiboko! Likiupiga jua, bluu. Giza likiingia, unarejea uangavu wake. Mama yako anasema huyo mkuu wako akapimwe yeye kwanza.

Baba yako

17 Juni

Baba,

Shikamoo. Poleni na kazi. Barua yako niliisoma mbele ya kikao kizima. Nilibishana na mkuu hadi wenzangu wakaanza kutazama viatu vyao. Akanijibu, "Msomi, barua ya baba si kipimo. Lete utando wenyewe." Urudishe upesi. Akiukuta mzima, utafiti unabaki mikononi mwangu. La sivyo, anampa mwingine.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Aibu ndiyo iliyonichelewesha. Utando sikuubandika. Niliuzungushia kitambaa, nikauweka kabatini pamoja na joho lako la mahafali. Kitu alichokiunda mwanangu, nikianike juani kama matambara? Moyo ulikataa. Uliponitaka habari zake, nikakurudishia maneno yako mwenyewe. Niutume sasa?

Baba yako

2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Usiutume. Utafiti amekwisha kupewa mwingine. Mimi naosha chupa za maabara, na jioni sina nguvu hata ya kubishana.

Nilikuwa nimekuandalia lawama zilizopangika barabara. Kisha nikairudia barua yako ya Mei: uliandika kwamba macho bado yanalikimbia jua. Jibu lilikuwa pale, na msomi mzima nikaliruka, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta ushindi. Ubandike leo, kwa ajili ya macho yako.

Mwanao

21 Januari

Profesa,

Habari za huko? Sisi hatujambo, na safari hii hata macho yangu yamo katika salamu.

Niliubandika siku ile ile barua ilipofika. Mwanzoni bluu ilikuja na kuondoka. Wiki hii imegoma kuondoka. Usiku nawasha taa, bado bluu. Umechoka, mwanangu; mkuu wako alisema kweli. Nakuandikia ninachokiona.

Ila nashona mchana kutwa bila kufumba jicho. Nilipotaka kuubandua nikurudishie, mama yako akaweka mkasi chini: atakayeugusa atalala nje. Ukija, onyo hilo linakuhusu na wewe.

Baba yako