Damu Zinapatana

Kasongo, siku ya ine, magharibi

Zinapatana. Nimerudilia kupima mara tatu nikitafuta kosa, kosa hakuna.

Kipimo cha dawa ya kifafa ndani ya damu ya chupa, ile Kalonda, muuguzi wa kule Wamaza, anatuletea hapa maabara ndani ya barafu, kiko sawa na kile cha matone yaliyokaushwa kwenye karatasi. Wagonjwa wale wale, siku ile ile. Ningepaswa kufurahi: chupa ikipata joto njiani, mugonjwa anachomwa sindano tena, na karatasi itamaliza taabu hiyo.

Lakini karatasi haiombe barafu. Mutu yeyote wa pikipiki ataileta ndani ya bahasha. Kalonda hatakuwa tena na sababu ya kuja kila juma siku ya ine, nyusi zimejaa vumbi, akiuliza kama chai iko.

Leo aliuliza matokeo. Nikamujibu, "Damu zinapatana."

Akacheka. "Za wagonjwa ao zetu, dada Zaina?"

Nikajifanya ninapangusa mashini.

Akaenda zake. Sasa ninaona sanduku lake la barafu liko bado chini ya meza yangu. Na Kalonda si mutu wa kusahau kitu.