Herufi N Ipige Kidoko

Wifi yangu Saumu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba goti lako limepunguza ukaidi, maana mara ya mwisho uliniambia linakusumbua kila unapoinuka kutoka kwenye sijda. Unalikanda kwa yale mafuta ya mbarika niliyokupa, au yamekaa tu kabatini? Nijulishe hali yako kwa kweli, si ile "alhamdulillahi" yako ya kumnyamazisha mtu. Sisi huku Msambweni tu wazima. Kaka yako anakusalimu sana. Anasema huko Maskati usisahau kula, kana kwamba wewe umewahi kusahau.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu wewe hunikatiza, na nikishakatizwa nasahau nusu ya maneno. Tena barua yenyewe ni ya wazi: nakala moja inakuja kwako, na nyingine nitaibandika ukutani mwa kibanda changu pale Kona ya Musa, aisome atakaye. Aibu yangu ilinipata hadharani, wifi. Basi na shukrani zangu nazitoa hadharani. Na kwa kuwa atakayesoma ukutani huenda hakijui kisa, nivumilie nikisimulie hata yale unayoyajua.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Barua za maombi ya kazi, barua za kwa chifu, kadi za harusi, zote hupita mikononi mwangu. Mama mmoja wa Bongwe alinipa kazi ya kadi za harusi ya binti yake. Nikapiga, nikachapisha, nikazikata vizuri, nikamkabidhi. Kesho yake alirudi, buibui limekaa upande, kadi mkononi.

"Mama Rukia, hebu nisomee hapa."

Nikasoma: "Tunayo furaha kubwa kuwaalika katika doa ya binti yetu mpendwa..." Nikanyamaza.

"Endelea. Mbona umenyamaza?"

"Mama, nisamehe. Ni ndoa. Herufi N imeruka."

"Imeruka ikaenda wapi? Mwanangu ana doa gani, wewe mwanamke, hata watu waalikwe waje walitazame, na biriani juu?"

Jirani yangu Bakari, yule fundi wa simu ambaye tumetenganishwa naye kwa ubao tu, nilimsikia akijifanya kukohoa.

Nilizichapa upya zote, nikaenda Bongwe nyumba kwa nyumba kuzikusanya zile mbovu. Na yule mama ni muungwana. Harusini alinialika, akanishika mkono mbele ya watu, akasema yamekwisha. Lakini pale kona jina lilibaki. Wapo wanaoniita Bi Doa hadi leo, na wengine ni watu wazima wenye ndevu.

Jina lingepita tu. Kilichoniondolea usingizi ni kwamba nilipoipiga ile N niliamini nimeipiga. Kidole kilishuka, nami nikaenda kwenye herufi inayofuata nikiwa na imani yangu yote. Hapo ndipo nilipomwambia kaka yako kuwa naacha kazi hii, nitakaa nyumbani nikaange viazi karai. Kila niliyekutana naye aliniuliza swali moja: "Kwani hukuangalia?" Kaka yako aliniuliza. Shemeji zako waliniuliza. Hata Bakari, ambaye hajui ndoa ina herufi ngapi, aliniuliza.

Wewe ulicheka simuni mpaka nikakusikia unatafuta pumzi. Halafu ukauliza, "Wifi, ni kidole gani?"

Saumu, sikuwa nimemwambia mtu. Sukari ilikuwa imekwisha kunitia ganzi katika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nami nilikuwa nimelificha jambo hilo kama mtoto anavyoficha kikombe kilichovunjika. Katika swala nikikiinua kinainuka, alhamdulillahi, lakini sikisikii. Ni kama nimeinua kidole cha mtu mwingine. Wewe, ng'ambo ya bahari, ulikiona.

Ulikiona kwa sababu tulifundishwa pamoja kuwa kila herufi ina kidole chake na hairuhusiwi kuazima cha jirani. Unakumbuka leso? Bi Zainabu, mwalimu wetu wa taipu, alikuwa akitutandikia leso juu ya mikono na mashine ili tusione tunachopiga. Mabati yalichoma, jasho likashuka, nasi tumekaa vichwa juu kama watu wanaosubiri kupigwa picha. "Sikio lisome kabla ya jicho," alikuwa akisema. Na kweli tulisoma kwa sikio. Kila herufi kwenye zile taipureta ilikuwa na mkono wake wa chuma, ilipanda na kuigonga karatasi, na ilipokosa kugonga palibaki pengo ambalo hata mpita njia angelisikia. Wewe ulizidi. Ulikuwa na yako unapiga, na bila kugeuka unaniambia, "Mishi, umekula herufi. Mate ya kuimezea unayo kweli?"

Nilikuchukia mwezi mzima. Kisha ukanipeleka kwenu kula pilau, ukamwambia kaka yako mbele ya mama, Mungu amrehemu, "Kaka, huyu anapiga upesi kuliko mimi. Muoe kabla hajaniaibisha zaidi." Akacheka. Mama hakucheka, alisonya. Lakini sahani yangu ndiyo aliyoiongeza nyama.

Zilipokuja kompyuta tulizigusa zile kibodi tukatazamana. Ulisema, "Hii ni bubu." Chini ya herufi zote kumetandazwa mpira mmoja, unabonyeza kama unayebonyeza embe kujua kama limeiva, na haikwambii kitu. Tulizoea kwa kuwa vidole vyetu vilikuwa vizima. Mwenye kidole kizima hahitaji kuambiwa.

Basi baada ya lile swali lako ukakaa kimya siku nyingi, nikadhani umenisahau. Kumbe ulikuwa unanitafutia. Yule kijana wa Munje alipokuja likizo akaniletea kifurushi chako, na ndani mna kibao kidogo kinachoenea kiganjani, juu yake vitufe vya rangi mbalimbali, kila kimoja kimesimama peke yake. Nikadhani ni mchezo wa watoto. Ndipo uliponieleza kuwa ziko kibodi ambazo kila herufi ina swichi yake yenyewe, na springi yake, na kwamba swichi haziko sawa: nizijaribu zote, nikuambie ipi ninunuliwe. Nimefanya hivyo, na haya ndiyo majibu yangu.

Nilizijaribu baada ya swala ya alasiri, nimekaa ukumbini na kaka yako. Kwanza nilitumia mkono wa kushoto, ulio mzima, ili nizijue tabia zao.

Nyekundu ni laini kupita kiasi. Inashuka moja kwa moja, kama kidole kinachozama kwenye samli, haisemi kitu mpaka ifike chini, na huko chini inasema "dup" tu, basi. Mtu mwenye haraka ataipenda. Nyeusi ni dada yake mkubwa: njia ni ile ile iliyonyooka, ila nzito, kama kusukuma mlango uliovimba kwa mvua za masika. Nikasema hii itanimaliza mkono kabla ya adhuhuri. Iko moja wameitia kijiraba ndani ili isilie kabisa. Kuibonyeza ni kama kutembea msikitini na soksi. Adabu inayo, lakini mimi na bubu tumekwisha achana.

Ya kahawia nilitaka kuipenda. Ina kijinundu katikati ya njia, kidogo tu, kama mshono wa kanzu unapoupitisha chini ya kidole. Ukifika hapo unajua herufi imeingia, huna haja ya kugonga mpaka chini. Na haina kelele. Kaka yako akasema, "Chukua hiyo, mke wangu. Nzuri, ya heshima."

Na ya samawati, wifi! Hiyo inapiga kidoko. Ina kijinundu kama ya kahawia, lakini inapokivuka inalia "tak!" kavu, kama ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Nilipoibonyeza mara ya kwanza nilishtuka nikageuka nyuma. Nilidhani ni mavyaa, mama yenu, ananipigia kidoko kwa kuunguza wali.

Kisha nikamwambia kaka yako achukue leso anifunike mikono kama alivyokuwa akifanya Bi Zainabu, na safari hii nitumie kile kidole kibovu. Akanifunika. Nikaweka kidole kwenye ile ya kahawia, nikabonyeza.

"Haya, niambie," akasema.

"Nimekwisha bonyeza."

"Hujabonyeza."

"Nimebonyeza, baba Rukia."

"Mishi." Akainua leso taratibu. Kidole kilikuwa kimekaa pembeni ya kitufe, juu ya kibao chenyewe, kinabonyeza plastiki tupu. Hapo ndipo kaka yako alipoijua ile ganzi. Alikishika kile kidole akakifumbata, na mimi nikautazama mkono wake umekishika, nisisikie chochote. Nakuandikia haya kwa kuwa wewe ni dadake, na unajua jinsi mtu yule asivyojua kulia.

Baadaye akarudisha leso, akasema, "Ya samawati sasa." Nikakosa mara ya kwanza, na nikajua nimekosa, kwa sababu palikuwa kimya. Nikatafuta, nikabonyeza. Tak. Hakuna aliyeniambia. Nikapiga tena. Tak. Nikapiga mpaka jirani akauliza tunavunja nini. Machozi yalinitoka, Saumu, na hapo hapo nikacheka, kwa kuwa tangu siku za Bi Zainabu sikuwa nimesikia herufi ikinijibu.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha: ninunue ya samawati. Lakini nilikipeleka kibao kibandani nimwonyeshe Bakari, nikakipigapiga kidogo. Akatia kichwa juu ya ubao.

"Mama Rukia, umefungua duka la bisi?"

"Ni kibodi yangu mpya inshallah."

"Hiyo moja imenipasua kichwa. Zikiwa zote itakuwaje? Mimi nafanya kazi kwa masikio, mama. Spika za simu nazijua mbovu kwa kusikiliza tu. Ukianza bisi zako mimi nahama."

Na Bakari akihama, wifi, nani atanilindia mashine nikienda kuswali? Miaka yote hiyo ndiye anayekaa, nami nikirudi ndipo aende yeye. Pia ana haki. Riziki yake iko sikioni, na yangu nayo sasa imehamia sikioni, na sisi wawili tuna ubao mmoja tu katikati yetu.

Nililala na jambo hilo, nikaliombea. Asubuhi nikakumbuka neno ulilonitajia kwa kupita tu: kwamba hizi swichi hung'olewa moja moja kwa kikoleo kidogo na kuchomekwa nyingine. Nikakaa nikahesabu kidole cha shahada cha kulia kinahudumia herufi zipi, kama tulivyofundishwa: Y, H, N, U, J, M. Basi. Hivyo ndivyo ninavyotaka, Saumu. Kibodi iwe ya kahawia, yenye heshima, kwa vile vidole vyangu saba na magumba vinavyosikia. Na hizo sita ziwe za samawati, zipige kidoko. Nilimweleza Bakari, akafikiri, akasema, "Sita navumilia. Lakini nikisikia ya saba nakuja na koleo langu."

Nimejaribu kuyasoma maneno hivyo, kwa sauti zake. Jina lako lina vidoko vitatu, wifi, langu viwili. Hata jina umenishinda.

Sasa kukushukuru. Barua hii naipiga kwa ile bubu, kaka yako yuko begani kwangu anazichunga N, na kila akiipata iliyoruka ananigusa bega. Amekuwa mpole kupita kawaida. Daktari ananiambia ganzi hii huenda isiondoke, lakini nikiitunza sukari huenda isitambae zaidi, nami nimeanza kumtii. Viazi karai nimeviacha. Nikifikiri ni nani amenifikisha hapa, naona kwanza ni Mola, kisha ni mtu aliyekuwa tayari kunicheka mpaka mwisho ndipo aulize swali la maana. Wengi wanajua moja kati ya hayo mawili. Mungu akulipe kheri, akupe afya ya goti na ya moyo, akurudishe kwetu salama tukae tule tusutane kama zamani.

Waulize hao wauzaji kama watakubali kunichanganyia rangi mbili, au kama itabidi swichi za samawati zije peke yake tuzichomeke wenyewe. Bakari amesema kuchomeka ataweza. Shaabani inakaribia, harusi zote zitataka kupita kabla ya Ramadhani, na watu wameanza kuniletea kadi. Nimewaambia wasubiri kidogo. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mishi, mama Rukia