Hatua za Mama Juu ya Ubao

4 Februari

Kwa binti yangu kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na kazi yako na wote wanaokutakia mema. Ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima. Nakula, nalala, na miguu yangu bado inapanda ngazi bila kushika ukuta. Wazee wenzangu wa mtaa huu wanashika ukuta, tena kuta nyingine nilizijenga mimi.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi hainikatizi.

Neno lenyewe ni hili. Televisheni yangu ya chogo imekufa. Kaka yako dereva ameniletea nyingine, bapa, kubwa kama mlango, akaipachika ukutani. Nikaona sawa, maana macho yangu nayo yamepata doa. Dogo tu, liko katikati. Nikimtazama mtu usoni, uso unaondoka, nabaki na masikio yake. Daktari anasema halitapungua, litakua. Yeye daktari, mimi mwashi, tutaona nani atachoka mapema. Lakini kwenye chogo nilikuwa simwoni tena mama yako. Alikuwa mdogo kama kidole, anaingia mzimamzima ndani ya doa. Nikasema kwenye hii kubwa nitamwona.

Mkanda unaujua. Ni ule wa watu wa televisheni waliokuja kutupiga picha tulipokuwa tunajenga hospitali, mimi mwashi, mama yako kibarua wa kubeba zege, bado hatujaoana. Kipande chake ni kifupi, hata chai haipoi. Anapita juu ya ubao wa jukwaa, karai kichwani, anakuja upande wangu. Picha yake nyingine hakuna duniani.

Mpiga picha wa mjini akauhamishia kwenye flashi. Tukawasha. Mama yako akisimama, mzuri. Akianza kutembea, anachanika! Ubavu wote unaota meno kama chanuo. Mkono chanuo, karai chanuo. Nikamwambia kaka yako, zima, umeniletea takataka. Akasema, "Televisheni haina kosa, baba. Muulize Kitinda, ndiyo kazi yake."

Basi nakuuliza. Kazi yako si kunyoosha picha za zamani zitazamike kwenye vioo vikubwa? Mnyooshe mama yako. Nataka nimwone anatembea kabla doa halijamaliza jicho. Flashi atakuletea kaka yako akipita na lori.

Ni mimi baba yako,
Fundi Mkuu

*

2 Machi

Baba, shikamoo.

Nimepokea barua na flashi. Mimi sijambo, mafua yamenipita, kazi ni ileile. Nimefurahi kusikia unapanda ngazi. Ningefurahi zaidi kusikia umerudi kliniki ya macho. Umerudi?

Mama hajachanika. Nitakueleza. Kamera za televisheni za zamani hazikuchukua picha nzima kwa mara moja. Zilichukua nusu: mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, hadi chini. Kufumba na kufumbua, zikarudi juu kuchukua wa pili, wa nne, wa sita. Chogo lako lilizionyesha nusu hizo kwa zamu, jinsi zilivyokuja, jicho likaziunganisha lenyewe. Televisheni bapa haijui zamu. Inazibandika nusu zote mbili pamoja. Mama akisimama, zinakutana. Akitembea, kati ya nusu moja na nyingine ameshasogea. Mistari hii inasema yuko hapa, ile inasema yuko pale. Hayo ndiyo meno uliyoyaona.

Dawa ipo, lakini nahitaji mkanda wenyewe. Huyo mpiga picha aliuminya ili uenee kwenye flashi, na nusu moja ya picha imechafuka. Nitumie mkanda, baba. Hapa tuna mashine nzuri, haitaudhuru.

Na mimi nina haja yangu. Nilikuwa mtoto wa kubebwa alipofariki. Kwenye chogo uso wake ulikuwa ukungu tu. Nataka kumwona.

Mwanao,
Kitinda

*

20 Machi

Kitinda,

Salamu. Sisi wazima.

Mkanda hautoki nyumbani. Deki ya mpiga picha ilishaanza kuumeza, nikauvuta kwa mkono wangu huu, nikamwambia yeye na deki yake wakae mbali na mke wangu. Leo nikuwekee kwenye lori, upite mashimo yote hayo, uingie kwenye mashine ambayo hata sijaiona? Thubutu.

Mimi nimejenga hospitali nzima kwa kamba na timazi. Wewe una kompyuta. Tumia ulichonacho.

Kliniki nimekwenda. Wameniambia nitazame nukta ukutani. Nikawaambia nukta sijaiona, ila ukuta wenu umepinda. Wakageuka kuutazama, maana ni kweli.

Baba yako,
Fundi Mkuu

*

3 Mei

Baba, shikamoo. Habari za siku nyingi? Kaka aliniambia umejikwaa kwenye ndoo. Pole sana.

Nimetumia nilichonacho. Nusu ile iliyochafuka nimeitupa, nikaijenga picha kutokana na nusu iliyobaki, mistari inayokosekana nikaijaza kwa kuangalia ile ya juu na ya chini yake. Meno hayapo tena. Na uso, baba! Uso umetoka. Ana kovu dogo juu ya unyusi, hukuwahi kuniambia. Ana mwanya. Nilisimamisha picha hapo nikaitazama mpaka wenzangu wakaniuliza kama kompyuta imeganda.

Flashi mpya anayo kaka. Mtazame, kisha uniambie.

Mwanao,
Kitinda

*

25 Mei

Binti yangu,

Salamu. Anayeandika ni fundi cherehani wa nyumba ya mbele. Mimi nasema, yeye anaandika. Si kwamba nimeshindwa. Kalamu za siku hizi zimekuwa nyembamba.

Tumewasha. Nimeona mtu anakurupuka. Yuko hapa, mara yuko pale, katikati hakuna kitu, kama kuku anayevuka barabara. Nikauliza, huyu nani? Kaka yako akasema, "Mama." Nikamwambia usinitukanie mke.

Sikiliza. Ule ubao ulikuwa mrefu na unayumba. Vibarua wengine walitambaa juu yake kama wezi. Mama yako aliuchezea kwa magoti. Ukishuka, anashuka nao. Ukipanda, anapanda nao, shingo imesimama wima, zege halimwagiki hata tone. Wewe umekula nusu ya hatua zake. Kaka yako anasema uso umekuwa mzuri sana. Uso si shida yangu. Rudisha hatua.

Na usije ukadhani nilikuwa namkodolea macho. Siku ile sikuinua hata kichwa, nilikuwa na kazi. Yeye ndiye alikuwa anapitapita upande wangu.

(Nimemuuliza, kama hukuinua kichwa, magoti uliyaonaje? Amesema niandike ninachoambiwa. Fundi cherehani.)

Baba yako,
Fundi Mkuu

*

9 Juni

Baba, shikamoo.

Fundi cherehani akikusomea hii, naomba aisome yote, asiruke.

Uso si shida yako kwa sababu unao. Uliamka nao, ulikula nao, ulinuniana nao. Mimi nimekua naambiwa "mama yako, mama yako", kama mtu wa kwenye ngano. Nimepata uso wake kwa mara ya kwanza maishani, nikakutumia nikidhani nakuletea zawadi, na wewe umeniambia kuku.

Hatua unazozidai sikuzila mimi. Zimo kwenye ile nusu ya pili, nusu safi iko kwenye mkanda, na mkanda uko kabatini kwako. Niliuomba, ukanijibu "thubutu". Sasa mimi nifanyeje, nizichonge kwa mbao? Kama unaupenda mkanda kuliko aliyemo ndani yake, kaa nao.

Sina la zaidi.

Kitinda

*

30 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hujaandika tena, nami sikukujibu. Nilikuwa nimekasirika. Halafu hasira ikaisha, nikaona haya kuanza.

Nikwambie jambo. Juzi kaka yako alikuja na mwenzake wa lori. Wakasimama mlangoni kimya, wanavua viatu. Nikamshika mkono yule mwenzake, nikamwita mwanangu, nikamuuliza habari za safari. Kaka yako akacheka, kisha akaacha kucheka. Alipopita kwenda kukaa ndipo nikamjua, kwa lile bega lake la kulia linalotangulia.

Nyuso sizipati tena, Kitinda. Wa kaka yako, wa fundi cherehani anayeandika hapa, wa kwangu kwenye kioo. Doa limezimaliza. Uso wa mama yako hata uusugue kwa msasa, kwangu ni shimo. Kinachobaki ni mtu anavyokwenda. Hilo bado naliona, ila kila mwezi linapungua. Niliposema uso si shida yangu, hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Nilisema vibaya.

Mkanda huo hapo. Kaka yako ameufunga ndani ya sweta langu, na nimemwambia auweke mapajani, si nyuma na mizigo. Mashine yako ikiutafuna, angalau wewe utazame uso wake vizuri kabla haujakatika. Mmoja wetu apate.

Baba yako

*

21 Septemba

Baba yangu, shikamoo.

Pole kwa macho, baba. Pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama ngazini, sikuweza kungoja kufika ndani.

Mkanda ni mzima. Nimeupitisha mara moja tu, polepole, mkono wangu juu ya kitufe muda wote, na sasa umerudi ndani ya sweta lako.

Safari hii sikutupa kitu. Nimechukua kila nusu, nikaijazia mistari yake iliyokosekana, ikawa picha kamili inayojitegemea. Kwa hiyo picha zimekuwa mara mbili ya zile nilizokuletea kwanza, na kila moja ina mama akiwa amesogea kidogo. Mara ya kwanza nilikosea zamu, nusu ya nyuma nikaitanguliza. Mama akawa anakwenda mbele, anarudi kidogo, anakwenda mbele, anatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikasema lo, baba akiona hii atanikana. Nikageuza zamu, nikawasha tena.

Baba, ubao ulishuka akashuka nao.

Nilikuwa sijaelewa ulichokuwa unakigombea. Kwenye flashi ile nilikuwa na uso, lakini ulikuwa uso wa mtu aliyesimamishwa. Sasa anakuja. Mwenzangu wa meza ya pili alipita nyuma yangu na kikombe chake, akasimama, akasema, "Wee, lini ulibeba zege?" Nikamwambia huyo si mimi. Akasema, "Usinifanye mjinga. Huo mwendo nauona kila asubuhi hapo koridoni." Nikaenda kujifungia chooni, baba, nikalia.

Tena kuna jambo. Mwisho kabisa wa kipande, mkono wa kushoto, yupo mwashi mmoja juu ya ukuta. Mwiko umening'inia, tofali liko mkononi, na mdomo uko wazi. Kuanzia mama anaingia mpaka anatoka, tofali halijawekwa. Kofia yake ina kitambaa cheusi kama ile ya kwako. Sisemi kitu.

Mtazame upesi. Kaka amesema atapita kwako kwanza kabla ya kushusha mzigo.

Mwanao akupendaye,
Kitinda

*

17 Oktoba

Mwanangu Kitinda,

Salamu zako nimezipata, na mkanda, na flashi. Fundi cherehani ndiye anaandika, na leo amesema hatatia neno lake.

Kaka yako aliwasha. Nikakaa karibu, nikamkazia mama yako macho, naye akaingia shimoni. Nikasema warudie. Akaingia tena. Mara ya tatu sikumwona wala sikuuona ubao. Nikajua nimechelewa. Nilikaa na mkanda wangu miezi mitano kama kuku juu ya mawe, nikachelewa. Sikutaka kaka yako aone sura yangu, nikageuza kichwa upande wa dirisha.

Ndipo akapita.

Pembeni, Kitinda, pembeni mwa jicho, mahali ambapo doa halijafika. Nilikuwa natazama dirisha na yeye akapita ubavuni mwangu kama alivyopita siku ile. Goti, na goti, na ubao chini yake unapumua. Nilimjua kabla kaka yako hajasema kitu. Nikirudisha macho kumtazama, anatoweka. Nikitazama dirisha, anakuja. Basi nikatulia na dirisha. Amepita asubuhi nzima. Fundi cherehani naye alikaa, nguo za watu hazijashonwa.

Sitakudanganya, hata kwa pembeni mwanga unapungua. Daktari alisema kweli, na nimekwenda kumwambia kwamba alisema kweli. Hajawahi kusikia maneno hayo kwangu, alikaa chini.

Yule mwashi wa kwenye ukuta simjui. Tulikuwa wengi. Wengine walikuwa wavivu.

Sasa hilo la mwenzako wa meza ya pili nimelisikia, nimeagiza lisomwe tena na tena. Uliondoka hapa msichana, unakimbia tu, huna mwendo wa kwako. Sijui siku hizi unatembeaje. Kaka yako namuuliza, anasema, "Anatembea kama watu." Hana macho yule.

Njoo. Chukua likizo, usingoje nyingine. Ukifika usiniite kwa sauti, usinipe mkono kwanza, na usije ukasimama mbele yangu, maana hapo ndipo sipati kitu. Mlango utakuwa wazi. Ingia, upite tu sebuleni kutoka mlangoni hadi ukuta wa pili, kwa mwendo wako, bila haraka. Mimi nitakuwa nimekaa natazama dirisha.

Nitakuona.

Baba yako