Makaa ya Kichwani pa Yaya Feza

Yaya Feza,

Wewe, dada yangu mkubwa, ulikuwa ukinicheka: "Mwalimu, weye hata kilio unakisahihisha!" Leo sisahihishi kitu. Nimekaa mezani pako, naandika yanavyokuja.

Tangu tukuzike mambo yameharibika upesi. Ziwa limepanda tena na kumeza nyumba za ufukweni kule Kalemie. Watu wamekuja huku mlimani na magodoro kichwani, wamejenga vibanda vya turubai katika kambi yetu ya wachimbaji hadi ukingoni mwa makaburi. Siwalaumu. Kambi ilikuwa tupu. Mashine ziliondoka na kampuni, madirisha yaliondoka na vita, vijana waliondoka wenyewe.

Unakumbuka tulivyolelewa. Hakuna ukoo uliokuwa na asili hapa. Babu alitoka Uluba kwa miguu, jirani zake walitoka Moba na mbali zaidi, wote kuchimba makaa ya mawe katika mlima huu juu ya mto Lukuga. Wa kwanza kufia shimoni hakuwa na ndugu wa kumzika, wala udongo wa kwao. Wenzake wakamwekea kipande cha makaa kichwani pa kaburi, ili ajulikane ni wa hapa. Tangu siku hiyo kila mtu wa kambi alijiokotea kipande chake angali hai, akakiweka chini ya kitanda kungojea kaburi lake. Ulizoea kuniambia, "Muntu hana makaa, udongo utamuuliza: weye mutoto wa nani?" Historia ya mji wetu haikuandikwa popote, Yaya. Ilikuwa imelala pale makaburini, nyeusi, safu kwa safu.

Jumapili nilikuja kukupalilia kaburi. Kipande chako hakikuwapo. Cha Baba hakikuwapo. Nilitembea safu nzima, na kichwani pa kila kaburi palikuwa na kishimo kitupu. Kisha ikanijia ile harufu. Harufu ya utoto wetu, ya nguo za Baba akirudi kazini. Nikaufuata moshi, fimbo mkononi, maneno makali yakiwa tayari mdomoni.

Nilimkuta mama mmoja, mjane wa mvuvi, akiwapikia watoto wake mihogo juu ya mbabula, lile jiko la bati lenye matundu. Makaa yetu yalikuwa ndani, mekundu. Nilipomwambia yametoka wapi, alijiziba mdomo. "Papa, unisamehe. Tulizania ni mawe tu ya bure. Makaa ya soko njo bei kali, na watoto walilala njaa." Akachukua kopo la maji ili auzime moto.

Nikamzuia mkono. Mihogo ilikuwa bado mibichi.

Nilikaa juu ya ndoo, nikamtazama Baba akiwaka. Na wewe. Sikuweza kujua kipi kilikuwa chako. Chakula kilipoiva, mama yule alinipa sahani kwa mikono miwili. Nilikula, Yaya. Nilikula kilichoivishwa na wafu wetu, na sala ilikataa kutoka.

Makaa mengine hakuna. Mdomo wa shimo uliporomoka wakati wa mvua, na hakuna awezaye kuingia. Kilikuwa kimebaki kipande changu peke yake. Jana nilikitoa chini ya kitanda, nikakifukia kichwani pako, chini kadiri mkono wangu ulivyoweza kufika. Huenda wakakipata. Wakikipata, watapikia.

Basi mimi nitakuja mikono mitupu. Nakuahidi kwamba sitauhama mlima huu, na kwamba watanilaza kando yako, hata kama wa kunibeba watakuwa wageni. Nawe nifanyie jambo moja. Udongo utakaponiuliza mimi ni mtoto wa nani, jibu wewe, jibu upesi, kwa maana huku juu hatakuwapo wa kujibu.

Lala, Yaya.

Mdogo wako,
Mwalimu