Programu Inayouliza Vipimo

Alhamisi, Bariadi

Bariadi nzima hakuna fundi cherehani mwenye bahati kama mimi! Kompyuta ipo mezani kwangu, na juzi ng'ombe wote niliotoa mahari wamerudishwa zizini, tena wamenona. Wakwe waungwana kweli.

Leo rafiki yangu Masanja kaniletea programu mbili za kuchora patani, ile michoro ya kukatia nguo, nichague moja. Ya kwanza ina saizi zake tayari. Ya pili inauliza kila kipimo cha mteja. Nikaijaribu hiyo, nikajaza bega, kifua, kiuno, mpaka mzunguko wa mkono. Gauni likajichora.

Masanja akacheka. "Mwanangu, daftari la vipimo hujafungua! Mteja gani unamjua mpaka kiwiko?"

Nikamwambia ni malkia fulani wa Ulaya, nilimshonea nilipokuwa Dar. Akaacha kucheka. Alikula pilau ya harusi yetu, anamjua mke wangu Kabula.

Nimechagua ile ya saizi. Ya pili ni nzuri zaidi, sikatai, lakini kila nikiifungua vidole vyangu vitamwandika yeye.

Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Kabula kaniacha, na hiyo bahati niliyoandika hapo juu ni uongo mtupu.