Fomu ya Udaktari na Kifua Kisichopona

Jumapili, mwisho wa Julai, Kibosho. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu umekaa juu ya migomba, mlima hatujauona siku ya nne leo. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Siwezi kukaa, siwezi kulala. Nimeshatoka nje mara tano kuangalia mvua ambayo haina hata la kuangaliwa.

Basi niandike.

Fomu ya chuo cha udaktari kule Kampala iko mezani. Mwalimu mkuu aliniletea mwenyewe kwa baiskeli, akaniambia imrudie kabla ya Ijumaa, na kwamba shule yetu inapendekeza mtu mmoja tu. Mwaka huu mtu huyo ni mimi. Mwakani sijui. Nyuma yangu yupo mwanafunzi anayezitafuna hesabu kama ndizi za kuchoma.

Swali la tisa linauliza kama mwombaji amewahi kuugua kifua kikuu, na kama amepona. La kuugua halinisumbui. Nimelala miezi saba katika hospitali ya kifua, kila mtu hapa anajua, na kwa zile sindano nilisahau kabisa raha ya kukaa kwenye kiti. Aprili daktari alitazama picha ya kifua akaniruhusu nirudi nyumbani. Nije Desemba apige nyingine, alisema, na nikiona dalili yoyote nisingoje hata siku moja. Baba alichinja mbuzi. Kwa hiyo nimepona, si ndiyo?

Sijapona.

Wiki mbili sasa naamka nimelowa jasho. Na Jumanne, nikipalilia kahawa, nilikohoa nikaona uzi wa damu kwenye leso. Leso nikaifukia chini ya mgomba. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni koo tu, ni vumbi. Vumbi gani Julai, katika matope haya? Mtu anataka kuwa daktari halafu anajidanganya namna hii!

Nilipanga hivi: nijaze kwamba nimepona, niende. Kampala madaktari wamejaa, nitatibiwa huku nasoma. Nikingoja Desemba nafasi imekwenda. Nina miaka ishirini na miwili, na karibu mwaka mzima umeishia kitandani nikihesabu boriti za dari. Nimechoka kungoja. Niliosoma nao wameshakuwa makarani na walimu, Jumapili wanapita hapa na baiskeli zao wakiniuliza hali kwa sauti ya huruma. Siipendi ile sauti.

Leo sasa. Baada ya misa Baba aliita ukoo wote kuibariki safari. Safari ambayo fomu yake haijajazwa! Ndivyo alivyo Baba, akifurahi hangoji. Mama alikuwa ameshapika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha, na nyumba ikajaa mashangazi na akina baba mdogo. Kwetu kibuyu cha mbege kinapita mkono kwa mkono, na mwenye shughuli anaonja wa kwanza ili watu waone hamna sumu. Mwenye shughuli nilikuwa mimi.

Nilikishika kibuyu nikasita. Wote wananitazama. Ningesema nini? Kukataa kuonja ni kama kuwaambia nimewatilia kitu ndani. Nikanywa. Nikampa Bibi, mama yake Baba, ambaye kwa umri ndiye wa kupokea. Akanywa, akapangusa mdomo, akasema, "Ukirudi daktari, uanze na magoti yangu haya. Wazungu watangoja." Watu wakacheka. Nami nikacheka, jamani.

Kisha Bibi akachovya kidole kwenye mbege akakipeleka mdomoni mwa Felista, mtoto wa dada yangu Manka, miezi minane, ili naye abariki.

Sijui niliruka vipi. Nilimdaka Bibi mkono, kibuyu kikaanguka, mbege ikamwagika hadi miguuni mwa Baba. Kumdaka bibi yangu mkono mbele ya ukoo! Baba mdogo alisimama akiniuliza nimelewa wapi. Ndipo nikayatoa yote: jasho, damu, leso.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Basi mwanangu, mwakani," akainama kuokota kibuyu. Bibi alinishika uso kwa mikono miwili, nikageuza kichwa nisimpumulie. Shangazi akasema mbele ya wote kwamba nimemwokoa mtoto, kwamba huyu tayari ni daktari. Nakiri hapa: sifa ile iliniingia. Kwa nusu saa nzima nilijiona mtu mwema.

Watu walipoondoka Manka alikuja mlangoni pa chumba changu. Hakuingia.

"Aloisi, jasho lilianza lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili hizi nikishuka Moshi sokoni, mtoto alikuwa anakaa na nani?"

Na mimi. Nilikuwa nampakata kifuani, namwimbia, namkoholea usoni. Hospitalini walitufundisha kila asubuhi kwamba ugonjwa huu unapita kwa pumzi na kikohozi. Kile kibuyu ni kitu kidogo. Nilijua. Katika ukoo huu mzima hakuna aliyejua kuliko mimi, na bado nilimpakata, kwa sababu ningekataa Manka angeuliza kwa nini, na mambo ya Kampala yangeishia hapo.

Nilimjibu kwamba ni mimi. Akaondoka.

Kesho asubuhi tunapanda lori la Sanya Juu twende hospitali ile ya kifua, Manka na mtoto mbele kwa dereva, mimi nyuma kwenye magunia. Felista apimwe, nami nipigwe picha sasa, si Desemba. Bibi naye nimemsihi aje, amegoma, anasema kifua chake kimezoea moshi wa jikoni miaka yote. Sitamwacha, nitamrudia.

Mwalimu mkuu nitampitia njiani nimwambie ampe nafasi yule mwingine. Nami nitaomba siku daktari atakaponiambia kifua ni kisafi, aniambie mara mbili, kwa picha mbili. Iwe mwakani, iwe baada ya miaka mitatu.

Nimeyaandika hayo na ni kweli nitayafanya. Lakini nisijidanganye tena. Huenda mtoto wa dada yangu anaumwa kwa sababu yangu, na sasa hivi nimeitazama ile fomu, Mungu anisamehe, na bado naitaka.