Baridi ya Ngungu na Nyumba Yetu ya Mabati

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, 1953. Mvua tangu alfajiri, ukungu mpaka mlangoni.

Herufi zangu leo ni mbaya kiasi kwamba masista walionifundisha kuandika wangenichapa. Basi wanichape. Nisipoandika sitapata usingizi, na hata nikiandika sina hakika kama nitaupata.

Furaha yuko hai. Naanza na hilo ili nilione kwenye karatasi. Binti yangu anapumua, amelala ubavuni mwangu, kiganja chake kiko juu ya goti langu na kina joto. Kila nikimaliza mstari mmoja namtazama.

Sikuzaliwa mwoga. Nimekulia Mpofi, kule chini Walikale, ambako msitu unaanzia nyuma ya jiko. Nilivuka mito juu ya mti ulioanguka, mzigo kichwani, huku nikiimba. Lakini tangu mume wangu, Papa Furaha, alipotumwa kuja kufundisha shule ya huku Ngungu, milimani Masisi, nimekuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kwanza niliogopa baridi. Sasa naona afadhali ningeendelea kuiogopa hiyo peke yake.

Kwetu nyumba ni ya kukinga mvua tu. Kuta ni fito, paa ni majani mapana ya porini, na kati ya ukuta na paa unaweza kutoa kichwa ukamsalimia jirani. Hewa inaingia huku, inatokea kule. Mlango ni mkeka. Chakula kinapikwa barazani, watu wanaamka mapema ili kazi iishe jua likiwa bado na huruma, na mchana kila mtu anajilaza. Blanketi ni kitu cha maharusi, cha kuonyesha wageni.

Huku anayeamka mapema wanamwona ana wazimu. Wanangoja ukungu upande kwanza, wamejikunyata na makoti yao, wanakunywa uji wa moto. Nyumba zao ni za nyasi, milango mifupi, unaingia umeinama. Kuni zinawaka katikati ya nyumba mchana kutwa, na moshi unapenya taratibu kwenye nyasi za paa, hivi kwamba mgeni akitazama kilima atadhani nyumba zote zinaungua. Nilipofika niliwacheka. Nilisema watu hawa wanajibanika wenyewe.

Sisi tulipewa nyumba ya mwalimu. Matofali ya udongo, dirisha la mbao, mabati juu. Mama yangu angeiona angepiga vigelegele. Hajui kwamba mabati yanatoka jasho, kwamba asubuhi matone yanadondoka kitandani usoni pa mtoto. Hajui pia kwamba fundi aliacha pengo kati ya ukuta na mabati, pande zote nne, na upepo wa kilima unapita pale ukipiga mluzi. Fundi mvivu, nilisema. Kwetu pengo kama lile ni la kawaida, sikuwahi hata kujiuliza kazi yake, lakini kwenye baridi hii niliona ni uzembe.

Mvua kubwa zilipoanza nikapanda juu ya meza nikiwa na udongo niliouchanganya na mavi ya ng'ombe, nikaliziba pengo lote kwa mikono yangu. Nikaziba na nyufa za dirisha. Chini ya mlango nikalaza gunia. Papa Furaha aliporudi kutoka shuleni alisimama katikati ya nyumba, akageuka huku na huku, akasema, "Mama Furaha, uko na akili sana. Sasa humu iko joto kama kwetu." Nilifurahi mpaka nikaimba.

Na kwa sababu moshi wa kuni ungeyafanya mabati kuwa meusi, tukanunua mbabula, jiko dogo la bati la kuwashia makala, mkaa wa miti. Makala hayana moshi. Tuliliona hilo wote wawili, tukajipongeza. Asubuhi na jioni mbabula katikati, mlango umefungwa, sisi tumeketi kwa raha zetu.

Kichwa kilianza wiki ile ile.

Kichwa cha kugonga, na kichefuchefu, na miguu mizito. Furaha akawa analala kupita kiasi, akiamka anatapika. Papa Furaha alilalamika kila asubuhi, lakini akifika shuleni anakuwa mzima. Jumapili kanisani sote tulikuwa wazima. Mtu mwenye akili angeifikiria nyumba. Mimi nilifikiria watu.

Nilimfikiria Mama Veneranda.

Ni jirani yetu wa upande wa juu, mjane, mfugaji. Wakati ule ule mvua zinaanza, ng'ombe wake waliingia katika maharagwe yetu wakayamaliza. Papa Furaha alimfokea mbele ya watu, maneno ambayo hayamfai mwalimu. Kesho yake yule mama akaleta maziwa kwenye kibuyu, "ya mutoto," akasema, na tangu hapo akawa anayaleta kila siku. Sisi wa porini hatukukua na ng'ombe, mimi yale maziwa yalinishinda. Furaha aliyapenda. Na Furaha ndiye aliyeumwa kutuzidi.

Mtu umemtukana, yeye anakuletea maziwa. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo. Likaota mizizi.

Huku neno sumu halisemwi kwa sauti. Linasemwa kwa macho. Mwanamke akishasemwa hivyo hakuna anayekaa naye benchi moja kanisani, ng'ombe wake wanachukuliwa, na watu wakikasirika nyumba inachomwa kabla chefu, mtawala wa huku, hajaulizwa. Niliyajua hayo. Nilimwambia Papa Furaha hata hivyo. Nikaanza kuyamwaga maziwa nyuma ya jiko na kurudisha kibuyu kitupu nikitabasamu, na jana Furaha alipotapika tena, mume wangu akasema imetosha. Leo alfajiri akavaa koti ili aende kumshtaki kwa chefu.

Nilimfunga vifungo mimi mwenyewe.

Alipoondoka mvua ikageuka ya mawe. Juu ya mabati ilikuwa kelele tupu, sikusikia hata mawazo yangu. Nikaingiza mbabula, nikaijaza makala kuliko siku zote, nikafunga mlango kwa komeo. Komeo halikuwa la baridi. Niliogopa Mama Veneranda angekuja.

Akaja. Mvua ilikuwa imepungua kidogo nikasikia anabisha. "Mama Furaha! Furaha we! Maziwa njo hii!"

Nikanyamaza. Nilikaa kitandani nimejibana, nikisubiri achoke aende zake. Na katika kunyamaza kule ndipo nikagundua kuwa Furaha naye amenyamaza. Mtoto huyu akisikia sauti ile hukimbilia mlangoni hata kama yuko usingizini. Leo hakutikisika. Nikamgusa. Shingo yake ikaanguka upande.

Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilimburuta, sikumbuki vizuri, nakumbuka sakafu ilikuwa inazunguka na komeo lilikuwa mbali sana. Nikalisukuma kwa bega. Mlango ukafunguka, tukaangukia nje matopeni, mbele ya miguu ya mwanamke niliyekuwa nikimkimbia.

Kibuyu kilidondoka. Alimnyakua Furaha, akampeleka chini ya ukingo wa paa penye upepo, akampigapiga mgongoni akimpulizia usoni. "Lia, mama, lia! Lia tu!" Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mvua natapika. Sijawahi kuomba Mungu kwa maneno mafupi vile. Nilisema jina la mtoto tu.

Akalia.

Ilikuwa sauti dhaifu, halafu ikapata nguvu, halafu ikawa ile sauti yake ya hasira ninayoijua. Hewa baridi ile niliyokuwa nikipigana nayo ilikuwa inaniingia kifuani, na kichwa changu kikaanza kufunguka.

Niliingia ndani kuchukua nguo ya kumfunika. Chini ya kitanda nilikuwa nimemhifadhi kuku wetu anayeatamia, nikimwonea huruma kwa mvua. Alikuwa juu ya mayai yake, kichwa kimelala sakafuni. Amekufa. Mayai bado yana joto.

Kuku yule hakunywa maziwa ya mtu. Wala mimi sikunywa. Wala Furaha, tangu nilipoanza kuyamwaga. Nikatazama juu. Kuta zote nne, chini ya mabati, alama za vidole vyangu kwenye udongo.

Nilibaki nimeshika nguo ya mtoto. Sijui hewa ya makala inamfanya nini mtu, sikufundishwa. Lakini nilijua kilichompata kuku ndicho kilichokuwa kinampata mwanangu, na kwamba nilikuwa nimekifungia humo ndani pamoja naye. Halafu hofu ya pili ikanikamata: Papa Furaha alikuwa ameshafika kwa chefu.

Nilitoka. Mama Veneranda alikuwa amemfunika Furaha kwa kitambaa chake mwenyewe, yeye mabega yamelowa, anamwimbia kitu kwa Kinyarwanda. Nilitamani nisiseme. Nakiri hivyo hapa. Nilitamani mambo yaishe yenyewe, afike nyumbani kwake salama, asijue.

"Mama," nikasema, "Papa Furaha ameenda kwa chefu."

"Kufanya nini mu mvua hii?"

"Kusema unatulisha sumu. Ni mimi nilimuambia."

Aliacha kuimba. Sikuthubutu kumtazama, nilitazama maziwa yaliyomwagika, mvua ilikuwa inayapeleka.

"Na bado unaniachia mutoto mu mikono?"

Nilichukua mpini wa jembe, nikamwacha na mtoto wangu, nikaingia kuubomoa ule udongo. Niliupiga nikilia. Ulianguka kitandani, kwenye sufuria, kichwani kwangu. Upepo ukaingia na mvua yake, nikauacha uingie.

Papa Furaha alirudi na polisi wa chefu, wote wawili wamelowa chapachapa. Wakamkuta mshtakiwa ameketi kizingitini petu, Furaha amelala mapajani mwake. Mume wangu alipiga kelele akataka kumnyang'anya mtoto. Nikasimama katikati, nina udongo mpaka kwenye viwiko, nikasema yote mbele ya polisi. Kwamba ni makala. Kwamba niliiziba nyumba mwenyewe. Kwamba maziwa nilikuwa namwaga. Nikamletea kuku.

Polisi akamshika kuku miguu, akamgeuza, akamnusa. "Kuku haiwezi kuwa shahidi," akasema. "Neno imeisha kuingia mu masikio ya chefu. Kesho mutafika bote, na ule mama afike pia." Akaondoka na kuku wetu.

Papa Furaha aliketi pale kizingitini. Ni mtu wa aibu sana, mume wangu, ndiyo maana anafoka. Alikuwa amesema mbele ya wazee, kwa sauti ya darasani. "Nitaonekana je, Mama Furaha?"

"Na Mama Veneranda ataonekana je, nyumba yake ikiungua?"

Baadaye aliinuka, akachukua mpini wa jembe, akaanza kubomoa upande ambao sikuufikia.

Sasa ni jioni. Tumejifunika vyote tulivyo navyo, na upepo unapita juu yetu kutoka ukuta hadi ukuta, taa inayumba. Mbabula iko nje. Kesho kutwa nitaomba kwa majirani wanifundishe kuweka kuni vizuri, mabati yawe meusi kama yanataka.

Lakini naogopa. Polisi alipitia sokoni, na mdomo wake haukuwa umefungwa. Kabla ya giza walipita wanawake wawili njiani. Zamani wangesimama kwa Mama Veneranda waulize habari. Leo walivuka upande wa pili wa njia wakiwa wameinamisha macho. Nililirusha neno mimi, na sasa linatembea bila mimi. Nani huko kwa chefu atamwamini mwanamke wa kutoka porini anayesema nyumba ndiyo iliyotaka kumuua? Wakikataa, nitawaambia tuzibe upya, tuwashe makala, na anayebisha aingie akae humo nami.

Mama Veneranda alimrudisha Furaha mikononi mwangu yeye mwenyewe, akamfunika miguu vizuri, akaokota kibuyu chake. Nilimwomba kesho tutembee pamoja, yeye na mimi bega kwa bega, kutoka mlangoni kwake, kupitia sokoni, mpaka kwa chefu, watu wote watuone. Alinitazama tu, akapanda kilima.

Kukipambazuka, ukungu uwepo usiwepo, nitakwenda kubisha kwake. Je, atanifungulia?